Kwa Kinga Mpaka Kijiji cha Bia

Mama Njeri na Hadija,

Mmenipigia simu kila mmoja kwa zamu yake, na kila mmoja nimemsimulia nusu, kwa sababu huyu alikuwa kwenye treni na kwa yule mimi nilikuwa na chungu motoni. Sasa nimechukua daftari. Shule niliishia darasa la nne, mnajua, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa vibaya, iacheni ikae. Mambo ya tiketi na makaratasi alishughulikia Aline, mjukuu wangu. Hayo mwulizeni yeye. Mimi nitawaambia ya njiani.

Kwanza nimalize hili la kinga, maana Mama Njeri najua bado unacheka. Kwetu Burundi baiskeli tunaiita kinga. Jumamosi ile niliposema, "Naenda Ufaransa kwa kinga," wewe ulishika kifua. "Ai, Domitila! Chanjo gani hiyo ambayo haipo hapa zahanati, vårdcentral?" Na Hadija ukadakia, "Banange, mtu mgonjwa na anatunyamazia!" Mkanipima na joto. Na kinga yenyewe tulifundishwa pamoja, sisi watatu, pale kwenye maegesho ya magari Rågsved, mwalimu Gunilla akitukimbilia nyuma ameshika viti vyetu! Mama Njeri uliishia kwenye maua ya watu. Hadija ulisema treni ya Norsborg inakutosha. Mimi nikaendelea peke yangu.

Safari haikuwa yangu. Ilikuwa ya Aline na rafiki yake Sanna, wiki moja ya kuendesha kinga kando ya mto. Sanna akateguka mguu. Aline akaja kwangu amenuna, akasema kwa Kiswidi kama kawaida yake, "Kom med då, mormor." Yaani, basi njoo wewe, bibi. Alikuwa anatania. Nikamwuliza ni mto gani. Akasema Orvelle. Nikaweka kikombe chini, nikamwuliza tunaondoka lini.

Sasa nitawaambia jambo ambalo sikuwahi kuwaambia.

Mnajua nina watoto sita. Ndivyo nilivyosema kila ofisi iliyoniuliza, tangu kambini hadi Stockholm. Konsolata, mama yake Aline, ndiye hujiita kifungua mimba, na nyote mnamjua anavyowaendesha wadogo zake. Lakini kabla ya Konsolata kulikuwa na mwingine. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Uchungu ulinishika shambani, na aliyenifikisha materinite ya misioni ni Sista Odile, Mfaransa, kijana bado. Alinipakia nyuma ya kinga yake akapanda nami kilima, kanzu ameikunja magotini. Hiyo ndiyo kinga yangu ya kwanza.

Wiki ile watoto wanne walizaliwa dhaifu, na Sista Odile aliwabatiza palepale kitandani bila kumngoja padre. Mimi nilikuwa nimezama kwenye homa, sijui mchana wala usiku. Nilipoamka niliwaona wenzangu wanawanyonyesha wa kwao. Perpetua ana Aubin wake. Languida ana Kolomba wake. Baada ya kitanda changu, Felisita ana Remi wake. Wangu alikuwa ameshazikwa. Msichana. Shangazi wa mume wangu, Marisiana, akaamuru chumba kizima kisinitajie jina alilobatizwa, eti jina likitajwa, na watoto wanaofuata wataitwa kaburini. Wenzangu wakatii. Nami nikaogopa kuuliza. Mwezi uliofuata Sista akahamishwa. Nilipopata ujasiri, Perpetua alikuwa ameshafariki, wengine wametawanyika nisijue waliko, na daftari la ubatizo liliungua pamoja na misioni.

Mimi ndiye mnayeniuliza nyote jina la mama wa nani na mkwe wa nani. Kila misa ya marehemu nawataja watu wangu wote, mmoja baada ya mwingine, na nikifika kwake nasema, "na yule." Miaka zaidi ya hamsini, na yule.

Ni Papa Zefirini, yule Mkongomani wa kwaya anayekaa Upplands Väsby, aliyeniletea habari kwamba Sista Odile yu hai, amerudi kuzeekea kwao, kwenye nyumba ya masista huko Saint-Rémy, kando ya mto Orvelle. Alisema pia kwamba akili yake inaanza kumtoka. Kwa hiyo nilikuwa na haraka.

Kutoka stesheni mpaka Saint-Aubin

Tuliteremka kwenye treni saa nne asubuhi, tukachukua kinga zetu. Yangu nyekundu, ina kikapu mbele, na chini pamekaa wazi, sketi inapita vizuri. Nyuma Aline alifunga mabegi mawili. Alipoinua langu akauliza kwa Kiswidi nimeweka mawe? Nilikuwa nimeweka unga, kilo mbili, na mwiko. Sikujua Wafaransa wanakula nini.

Mto ni mdogo. Mngeuona mngesema Domitila ametusumbua. Lakini ni mpole, unakwenda taratibu kati ya miti mirefu iliyonyooka, na njia inaufuata pembeni kama mtoto aliyeshika nguo ya mama yake. Aline mbele, mimi nyuma. Gunilla alitufundisha: usitazame gurudumu, tazama unakokwenda. Nilitazama mgongo wa Aline tu siku nzima.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni heshima ya wale watu. Kila aliyenipita aliinua mkono akaita, "Bon courage, Mamie!" Nikamwambia Aline, unaona, wanajua mimi ni mami wa watu. Aline akacheka akasema mamie kwao ni bibi kizee tu. Nikamwambia, na mimi ni nani?

Kifaransa changu ni cha misioni: kusali, kusalimu na kupika. Basi nikasalimu. Karibu na Saint-Aubin nilimkuta mzee ameegemea uzio, nikasimama kumsalimu kama tunavyosalimiana kwetu. Nikauliza hali yake, mke, watoto, na ng'ombe je, hawajambo? Nilitaka ajibu hawajambo nipite. Kumbe nimegusa kidonda. Mzee, anaitwa Fernand, akafungua geti, akanishika mkono, akanipeleka kumwona ng'ombe wake mmoja, Duchesse, ambaye hali majani siku ya tatu. Nilimtazama Duchesse mdomoni, nikampapasa tumbo. Nikasema apewe maji ya vuguvugu yenye chumvi, maana ndivyo alivyofanya baba yangu. Fernand akaenda kuchemsha. Hatukuweza kuondoka kabla ya kuona kama atakunywa. Alikunywa. Saa mbili zilipita hapo.

"Mormor," Aline akasema, "ukiuliza habari za ng'ombe kila nyumba, tutafika Krismasi."

Nikamwahidi kwamba kuanzia sasa nitaishia kwenye watoto.

Kutoka Saint-Aubin mpaka Sainte-Colombe

Siku hiyo ni ya njaa, haina mengine. Wafaransa saa sita mchana wanafunga duka, anafunga na mwuza mkate, anafunga na posta, wote wanakwenda kula, na mgeni abaki barabarani anasikia harufu za vyungu vyao. Tulifika Sainte-Colombe saa sita na dakika tano. Mwenye duka tulimwona kwa macho yetu anageuza ufunguo. Nikagonga kioo. Akanionyesha saa yake. Nikamwonyesha tumbo langu. Akacheka, akaniletea nje jibini moja imefungwa kwa jani, akarudi ndani akafunga.

Jibini ile, Hadija, ilinuka kama soksi za marehemu mume wangu, Mungu amrehemu. Aline aliikalia mbali. Mimi nilikula yote, na sijutii.

Kutoka Sainte-Colombe mpaka kijiji cha bia

Siku ya tatu mvua ilinyesha tangu asubuhi. Aline akaona kwenye ramani njia ya kukatisha mashambani. Mimi sipendi njia za kukatisha, lakini yeye ndiye aliyeshika ramani. Katikati ya shamba la alizeti gurudumu langu la nyuma likatoa upepo wote, likalala. Pampu tulikuwa nayo. Kiraka, Aline alidhani amepakia Sanna, ambaye hakuwepo. Tukasukuma kinga kwa miguu kwenye tope, Aline amekasirika kimya kimya, mpaka tukatokea nyuma ya nyumba moja, uani kabisa, kama wezi wa kuku.

Mama mwenye nyumba alitoka na mwavuli. Ginette. Mumewe Marcel. Ginette hakuuliza sisi ni kina nani. Alinivua koti akalitundika karibu na jiko, akanipa ndala za Marcel. Marcel akabeba kinga yangu mpaka bandani, na huko alikaa sana, kwa sababu kila alipoziba tundu alikuta lingine.

Halafu Ginette akafunua chungu. Jamani. Maharage! Meupe, makubwa, yamepikwa pole pole tangu asubuhi, yana siagi na kitunguu saumu. Kwetu Burundi siku bila maharage mtu hajala. Nilikuwa na siku tatu sijala. Nilipoonja machozi yalinitoka, na Ginette akaogopa akadhani yameniunguza. Nikatoa unga wangu nikamwomba sufuria. Nikasonga ugali, Ginette amesimama kando ananitazama mwiko, anasema, "Oh la la, Mamie, ni kama kujenga ukuta!" Marcel alikula ugali na maharage mara mbili, akauliza kama huu ukuta umebaki.

Tulilala hapo. Asubuhi nikamwuliza Ginette kijiji chake kinaitwaje, maana tuliingilia mlango wa nyuma. Akasema neno ambalo mdomo wangu ulikataa. Sent Ö-la-li. Ö, kama ile ö ya Waswidi, ambayo mwalimu wetu wa lugha alikata tamaa na mimi. Nikajaribu mara tano. Ginette anacheka, mimi nacheka. Aline ndiye aliyenisaidia: "Sema öl, mormor, kama bia." Bia kwa Kiswidi ni öl, nyote mnajua, hata Hadija asiyekunywa. Basi nikasema Öl-ali, na Ginette akanipigia makofi. Tangu hapo mimi na Aline tukakiita kijiji cha bia.

Tuliondoka tukipunga mikono, tukapita njia ya mtoni, na ramani ikabaki mezani kwa Ginette.

Kutoka kijiji cha bia mpaka Saint-Rémy

Bila ramani hatukupotea. Mto ulikuwa unajua unakokwenda. Mimi ndiye niliyechelewa. Kila penye benchi nilitaka kukaa. Aline akaniuliza kama magoti yanauma. Nikasema ndiyo. Si magoti. Siku zote hizo nilikuwa nakwenda kuuliza, na mtu anayekwenda kuuliza ana matumaini. Kesho nitakuwa nimeshajibiwa. Na kama jibu ni sijui?

Nikamwambia Aline habari yote, pale benchini. Alikuwa hajui. Alinifunga kamba za viatu, zilikuwa hazijafunguka.

Nyumba ya masista, tulikofika kesho yake, ina bustani inayoshuka mpaka majini. Mhudumu, anaitwa Nadège, alitupeleka kwa mzee mmoja mdogo, amekaa kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini. Singemjua. Lakini mikono niliijua, mipana kama ya mwanamume.

Nikapiga magoti. "Sista, ni mimi, Domitila."

Akanipita kwa macho kama nimeziba njia. Akamtazama Aline aliyesimama nyuma yangu, na uso wake wote ukafunguka. "Domitila!" akasema. Kisha kwa Kirundi, Kirundi safi cha vilimani, "Njoo nikuguse. Homa imeshuka?"

Aline hajui Kirundi. Nikamsukuma kidogo. Akainama, na yule mzee akamwekea kiganja kwenye paji la uso. "Imeshuka," akasema. "Sasa ule."

Nikamwuliza kwa Kirundi, nikiwa bado chini kwenye majani, "Sista, mtoto wa Domitila ulimbatiza nani?"

Alifikiri. Niliona anatafuta kwa bidii, kama mtu anayepapasa chini ya kitanda. Halafu akasema, "Watoto walikuwa wengi, mwanangu."

Hivyo tu. Aline akanishika kwapani akaniinua. Nadège akatuletea kahawa, akasema tusihuzunike, leo Sista ana siku nzuri, siku mbaya hasemi kabisa. Tukakaa naye tu. Ukishafika kwa mtu mzima huwezi kuondoka palepale, hata kama alichonacho si ulichokijia. Nilimkanda mikono. Akafumba macho, akaanza kusema polepole, kama anayesali rozari:

"Saint-Aubin. Sainte-Colombe. Sainte-Eulalie. Saint-Rémy."

Nadège akatabasamu. "Ndivyo afanyavyo kila siku. Baba yake alipeleka barua kwa baiskeli kwenye bonde hili, naye alikuwa anambeba nyuma. Ni vijiji vya njia yao."

Lakini mimi sikusikia vijiji. Nilisikia vitanda. Aubin wa Perpetua, kitanda cha kwanza karibu na dirisha. Kolomba wa Languida. Kisha mimi. Kisha Remi wa Felisita, kwenye ukuta.

"Sista," nikamwambia, "watoto wale wanne uliwapa majina ya njia ya baba yako?"

Akafungua macho. Safari hii alinitazama mimi. "Mtoto akiwa na haraka," akasema, "unapata wapi muda wa kuchagua? Nilikuwa nachukua kijiji kinachofuata."

Mama Njeri, usicheke hapa. Nililia, nikambusu ile mikono, na wakati nalia kitu kimoja kilikuwa kinanisumbua: jina nimelipata, na jina lenyewe ni bia. Kwa Ginette nililisikia, mara tano nikashindwa kulitamka, na nilichokuwa nimeshika ni öl. Nikamwuliza Aline linaandikwaje. Hakujua. Nadège akatoa kalamu mfukoni, akasema ataniandikia.

"Usiandike," nikamwambia. "Lina kijiji. Nitakwenda kulisoma mwenyewe."

Kurudi nyuma

Treni yetu ilikuwa kesho yake, hapo hapo Saint-Rémy. Kijiji cha bia kilikuwa nyuma, na kurudi ni kupanda. Nilingoja Aline ahesabu saa kama anavyohesabu. Akapanda kinga yake, akageuza.

Safari hii tulikwenda kwa barabara ya magari, kwa sababu nilitaka kuingilia mlango wa mbele. Mara mbili niliteremka nikasukuma. Nilipomaliza kilima cha mwisho nikaliona bao lenye jina la kijiji, jeupe, limezungushiwa nyekundu, majani yamelifikia kiunoni. Nikaegesha kinga. Nikatoa miwani.

Mimi nasoma kwa kidole, mnanijua. Nikaanza mwanzo. S, a, i, n, t, e. Hilo nalijua, ni mtakatifu wa kike. Kidole kikaenda mbele. E. Hakuna ö pale. E, u, la. Nikasimama. Li. E.

Eulalia.

Kwetu ni jina la watu! Eulalia mke wa Barnaba aliyeongoza kwaya. Eulalia mdogo wa Feliksi. Jina nimelitamka maelfu ya mara, kwa wengine, bila kujua ni la nani nyumbani kwangu. Nikalisema kwa sauti, kama tunavyolisema sisi, kwa mdomo wetu. Halikunishinda hata kidogo.

Ginette alikuwa anakuja barabarani kwa miguu, anapunga ramani, anadhani ndiyo tuliyorudia. Nilimkumbatia ramani ikakunjika katikati yetu. Akasema maharage yapo.

Aline alikuwa amekaa chini ya lile bao, simu sikioni. Anaongea na Konsolata. Mnajua watoto hawa, ukiwaita kwa Kiswahili wanakuitikia kwa Kiswidi, na nilishazoea. Basi nilisimama kama niliyepigwa na baridi niliposikia anasema kwa Kiswahili, polepole, anatafuta kila neno:

"Mama. Wewe una dada. Anaitwa Eulalia."

Halafu sauti ya Konsolata ikatoka kwenye simu mpaka Ginette akaisikia:

"Mkubwa au mdogo?"

"Mkubwa," Aline akasema. "Yeye ni wa kwanza."

"Haya," akasema Konsolata. "Kwa hiyo mimi ni wa pili."

Jumamosi njooni, nimerudi na mbegu za yale maharage na mengine ya kupika. Konsolata atakuwepo. Mkimwona mpole kupita kawaida msimwulize ana nini. Bado anajifunza kuwa mdogo wa mtu.